Kanzidata Haikuumbwa Kupokea Wageni

Waulize vijana wanaotengeneza programu Nairobi, Dar es Salaam au Kampala mfumo mpya wa biashara unahitaji nini ili usimame. Wengi watakujibu: kanzidata, basi. Ile programu ya kati tuliyozoea kuiandika, inayopokea maombi ya watumiaji, kuyakagua na kuyapeleka ndani, wameshaifuta kwenye hesabu zao. Kanzidata itunze data, iwatambue watumiaji, itoe API, itume ujumbe, ihifadhi picha, na ikibidi ichore hata kurasa za wavuti. Anayeendelea kuandika programu ya kati anaangaliwa kwa huruma.

Hoja yao nitaieleza kama wanavyoieleza wenyewe, maana si ya kijinga. Mifumo mingi ya wavuti, wanasema, ni fomu za kujaza na orodha za kusoma. Kazi kubwa ya programu ya kati ni kuigeuza fomu iwe SQL, kisha kuyageuza majibu ya SQL yawe JSON. Kazi hiyo inachosha, inazaa makosa, na mteja haioni. Kanzidata tayari inayajua majedwali, aina za data, mahusiano yake na haki za kila mtumiaji, kwa hiyo haina sababu ya kutojibu yenyewe. Ukiondoa tabaka hilo moja umerahisisha mfumo, umeokoa safari ya mtandao, umeweka kanuni za usalama pale pale data zilipo, na umefuta bili ya seva. Mtu mmoja atafanya kwa wiki kazi ya kikosi cha miezi.

Wepesi, kasi, usalama, gharama: hoja nne. Hakuna hata moja inayosimama ikiguswa. Ila kabla ya kuzigusa kuna suala la historia, kwa sababu wanaoieneza fikra hii huizungumza kana kwamba imezaliwa jana.

Waliolizaa wazo hili ndio waliolizika

Mwaka 1999 Oracle ilitoa toleo la 8i, na ndani ya kanzidata ikapakia mashine ya Java pamoja na EJB na CORBA, teknolojia mbili zilizokuwa zikitamba wakati ule. Sababu iliyotolewa ni hii hii tunayoisikia leo: programu ikae karibu na data. Lilipotoka toleo la pili la 9i, mwaka 2002, EJB na CORBA zilikuwa zimeshatupwa nje. Na kwa kuwa somo halikuingia, toleo hilo hilo likaja na seva ya HTTP na ya FTP ndani ya kanzidata. Ndiyo, FTP. Mtu fulani aliitazama kanzidata inayotunza hesabu za mabenki akaona kinachopungua ni FTP.

Microsoft ikafuata. SQL Server 2005 iliweza kusikiliza HTTP moja kwa moja na kujibu kwa SOAP, bila seva ya wavuti mbele yake. Toleo la 2008 likatangaza kwamba huduma hiyo haina maisha marefu, na toleo la 2012 likatoka bila hiyo. Walioijengea mifumo yao wakapewa muda wa kuihamishia kazi hiyo nje, mahali ilipostahili kuwa tangu siku ya kwanza.

MongoDB ilikuwa na kiolesura cha HTTP na API ya REST ndani yake. Vyote viwili viliondolewa katika toleo la 3.6, mwishoni mwa 2017. Hawakukoma. Kwenye huduma yao ya wingu, Atlas, wakauza Data API na njia za HTTPS ili programu iongee na kanzidata bila mtu wa kati. Septemba 2024 wakatangaza kwamba zote zitazimwa tarehe 30 Septemba 2025. Mteja aliyeambiwa hahitaji kuandika programu ya kati akapewa mwaka mmoja wa kuiandika.

SAP iliingiza seva ya programu, XS, ndani ya HANA mwaka 2012. Miaka michache baadaye ikaleta XS Advanced, inayosimama kando ya kanzidata, na ile ya mwanzo ikawekwa kwenye orodha ya kustaafishwa. CouchDB ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote: ilikuwa na kitu kilichoitwa CouchApp, ambapo HTML, JavaScript na data viliishi pamoja ndani ya kanzidata moja na kivinjari kikaongea nayo ana kwa ana. Ndoto kamili. Toleo la 3.0, mwaka 2020, lilitangaza kwamba vipengele vilivyokuwa vikichora kurasa hizo havitaendelezwa tena.

Nimekwisha kusikia jibu: hizo zilikuwa teknolojia duni, sasa mambo yamekomaa. CORBA, SOAP, REST na JavaScript hazifanani hata kidogo, na kampuni hizi hazikukaa mezani kupanga njama, lakini mwisho umekuwa ule ule. Zilichokutana nacho ni tofauti ya umri. Rekodi ya mgonjwa au ya kiwanja iliyoandikwa mwaka 2002 inahitajika leo na itahitajika miaka thelathini ijayo. SOAP ya mwaka 2005 leo haitakiwi na mtu anayeanza mfumo mpya. Ukiviunganisha hivyo viwili, ama kanzidata italazimika kubadilika kila mtindo wa wavuti unapobadilika, ama itabeba mizoga ya mitindo yote iliyopita. Hakuna msimamizi wa kanzidata mwenye akili timamu anayetaka mojawapo.

Dai la kwanza: mfumo umekuwa mwepesi

Tuifungue Supabase, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara kama ushahidi. Tangazo linasema unapata kanzidata ya PostgreSQL inayojua kila kitu. Ndani yake kuna Kong inayopokea maombi, PostgREST iliyoandikwa kwa Haskell inayoyageuza kuwa SQL, GoTrue iliyoandikwa kwa Go inayotambua watumiaji, na Realtime iliyoandikwa kwa Elixir inayosukuma mabadiliko kwa vivinjari. Hizo ni programu za kati nne zilizosimama mbele ya kanzidata. PostgreSQL yenyewe imekaa nyuma ikifanya kazi iliyokuwa ikiifanya kabla Supabase haijazaliwa.

Kwa maneno mengine, watu wanaokuambia tupa tabaka la kati wanalo, tena nene kuliko lako. Tofauti ni kwamba la kwako ulilisoma mstari kwa mstari, na lao utalisoma siku likiharibika saa nane usiku.

Wenzao wako hivyo hivyo. APEX ya Oracle, chombo cha kutengenezea programu za wavuti ndani ya kanzidata na mfano unaopendwa na watu wa serikalini na wa mabenki, leo inafikiwa kupitia ORDS, programu ya Java inayosimama nje ya kanzidata. Microsoft iliporudi kwenye wazo hili mwaka 2023 kwa Data API builder, iliitengeneza kama programu inayojitegemea. Hawa ndio waliowahi kuiweka ndani, wanajua walichokikimbia.

Halafu kuna jambo la kuchekesha zaidi. Firebase, huduma nyingine ya aina hii, ilianza kwa kuahidi kwamba hutahitaji msimbo wowote wa upande wa seva. Mwaka 2017 ikaanza kutoa Cloud Functions, ambayo ni msimbo wa upande wa seva. Supabase nayo ikaleta Edge Functions mwaka 2022. Kila anayeuza ahadi ya kutokuwa na programu ya kati hufika siku akauza programu ya kati, kwa sababu wateja wake wamefika mahali hawawezi kusonga bila hiyo. Wepesi uliotangazwa ulikuwa wa wiki ya kwanza tu, wakati mfumo una fomu tatu na watumiaji wawili, na wote wawili ni wewe.

Dai la pili: kasi

Hili halihitaji muda mrefu. Safari ya kutoka programu ya kati hadi kanzidata ndani ya kituo kimoja cha data huchukua kama nusu ya milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500, na mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kebo ingenyooshwa kama uzi wa fundi mwashi, kwenda na kurudi ni milisekunde 75, na kebo za baharini hazinyooki hivyo. Anayejisifu kuokoa nusu ya milisekunde huku kanzidata yake ikiwa Ulaya na wateja wake Morogoro hajui kasi yake inapotelea wapi.

Zaidi ya hapo, PostgreSQL hufungua mchakato mmoja wa mfumo kwa kila muunganisho, na idadi inayoruhusiwa bila kubadilisha mpangilio ni 100. Tovuti ya matokeo ya mitihani siku yanapotangazwa haina watu mia tu. Dawa inayojulikana ni kuweka mbele ya kanzidata programu inayogawana miunganisho, kama PgBouncer. Tumeondoa tabaka, tumeongeza tabaka. Hesabu imerudi palepale.

Dai la tatu: usalama unakaa karibu na data

Hapa ndipo wanapojiamini zaidi, na ndipo ushahidi ulipo mwingi zaidi dhidi yao.

Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo ulioitwa SQL Slammer ulianza kusambaa. Ulikuwa na baiti 376 tu. Katika dakika ya kwanza idadi ya mashine zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika kumi hivi karibu zote zilizokuwa dhaifu zilishanaswa, takriban 75,000. Mashine za kutolea fedha za Bank of America zipatazo 13,000 zikashindwa kufanya kazi. Mnyoo huo haukupitia wavuti. Ulipitia kihuduma kidogo ndani ya SQL Server 2000 kilichosikiliza poti 1434 ili kuwaelekeza wateja wapi kanzidata ilipo. Kiraka cha usalama kilikuwepo tangu Julai 2002, ila wengi hawakujua hata kama wana SQL Server, kwa kuwa toleo lake dogo lilikuja limefichwa ndani ya programu nyingine walizonunua. Kama kihuduma cha kuelekeza njia kilitosha kuleta balaa hilo, mtu ana ujasiri gani wa kuweka seva nzima ya HTTP ndani ya nyumba hiyo hiyo?

Atakayesema hayo ni ya zamani na asogee karibu. Januari 2025 watafiti wa kampuni ya usalama ya Wiz walikuta kanzidata ya DeepSeek, kampuni ya China iliyokuwa gumzo la dunia wiki ile, ikiwa wazi kwenye intaneti. Ilikuwa ClickHouse, na ClickHouse huja na kiolesura cha wavuti ndani yake. Watafiti walifungua ukurasa huo kwa kivinjari cha kawaida, wakaandika SQL, wakajibiwa. Hakuna nywila. Kulikuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya kumbukumbu, mazungumzo ya watumiaji na funguo za siri vikiwemo. Ni kweli kwamba mhandisi alisahau kufunga. Lakini anayesahau kufunga kanzidata isiyo na ukurasa wa wavuti angalau anamlazimisha mwizi kuja na vifaa. Hapa mwizi alikaribishwa kwa fomu nzuri yenye kitufe.

CouchDB ina kisa cha kufundishia darasani. Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba mtu yeyote aliyeweza kujisajili angeweza kujipa cheo cha msimamizi. Sababu ni kwamba CouchDB imeandikwa kwa Erlang, ila kanuni za kukagua nyaraka zinaendeshwa kwa JavaScript. Mdukuzi alituma JSON yenye sehemu ya vyeo mara mbili: moja ikisema ni msimamizi, nyingine tupu. JavaScript, iliyokuwa mlinzi, ilisoma ya mwisho ikaona tupu, ikamruhusu. Erlang, iliyokuwa ikigawa haki baadaye, ilisoma ya kwanza. Haya ndiyo malipo ya kuijaza kanzidata lugha ya pili ili ifanye kazi za programu: barua moja inasomwa na watu wawili wanaoielewa tofauti, na kwa kuwa kanzidata inasikiliza HTTP, barua hiyo inaweza kutumwa na yeyote duniani.

Watetezi watajibu kwa herufi tatu: RLS, yaani kanuni za usalama za safu kwa safu, zilizoingia PostgreSQL katika toleo la 9.5 mwaka 2016. Kanuni hizo zinakaa ndani ya kanzidata, wanasema, kwa hiyo haziwezi kukwepwa. Haziwezi kukwepwa zikiwepo. Jedwali jipya katika PostgreSQL huzaliwa bila kanuni hata moja, na katika mtindo huu ufunguo wa kuongea na kanzidata uko ndani ya kivinjari cha kila mgeni. Ukisahau jedwali moja, umelitangaza. Mwaka 2025 programu nyingi zilizotengenezwa kwa Lovable, chombo cha akili mnemba kinachoandika tovuti na kuziunganisha na Supabase, zilikutwa hivyo: kanuni hazipo au hazitoshi, na majedwali yanasomwa na mpita njia. Kasoro hiyo ilipewa namba ya kumbukumbu CVE-2025-48757.

Na zikiwepo? Chukua SACCO. Mwanachama aone mkopo wake. Mdhamini aone kiasi alichodhamini, lakini asione mshahara wa mkopaji, na mkopo ukilipwa asione chochote. Mweka hazina aone yote isipokuwa mkopo wake mwenyewe unapojadiliwa. Kamati ione majina baada ya kikao, si kabla. RLS inachuja safu. Haifichi nguzo ya mshahara ndani ya safu iliyoruhusiwa, hilo unalitafutia njia nyingine. Jaribu kuyaandika hayo yote kama masharti ya SQL yanayokaguliwa kila safu inaposomwa, kisha mpe mwenzako ayasome baada ya miezi sita. Kwenye programu ya kati hiyo ni kurasa mbili za msimbo unaosomeka na unaoweza kujaribiwa bila kugusa data za mtu. Nakubali RLS iwepo kama ukuta wa pili. Wao wameufanya ukuta pekee, halafu wakaupaka rangi ya uzalendo wa data.

Sheria nayo haitawasikiliza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Anayewajibika ni mwenye kukusanya taarifa, hata kama tangazo la muuzaji lilimwahidi kwamba usalama umejengewa ndani.

Kuhusu pesa za simu, ambazo hakuna anayezitaja

Mifano ya watetezi wa wazo hili karibu yote ni orodha za mambo ya kufanya na vyumba vya gumzo. Mfumo wa kwetu mara nyingi unaanza na kuisha na malipo ya simu, kwa hiyo tuutazame huo.

Kupitia Daraja, API ya M-Pesa ambayo Safaricom iliitoa mwaka 2017, mfumo wako unatuma ombi la malipo. Unajibiwa papo hapo kwamba ombi limepokewa, na jibu hilo halina maana kwamba umelipwa. Kidirisha kinaibuka kwenye simu ya mteja. Mteja anatafuta miwani, anamuuliza mwenzake kama bei ndiyo hiyo, anaweka PIN. Au haweki. Baadaye Safaricom inatuma matokeo kwenye anwani ya HTTPS uliyoitaja: 0 ikiwa amelipa, 1032 ikiwa amekataa, 1037 ikiwa simu haikujibu. Matokeo yanaweza kuchelewa, au yasifike kabisa ukalazimika kuuliza mwenyewe.

Sasa ipe kanzidata kazi hiyo. Ukiifanya ndani ya muamala, safu ya oda imefungwa muda wote kanzidata inapongoja mtandao, na wengine wanaoihitaji wamesimama foleni. Wateja mia wakilipa kwa pamoja siku ya mshahara, miunganisho imekwisha. Ukiifanya nje ya muamala, kwa foleni na kazi za nyuma, umeandika programu ya kati kwa lugha isiyofaa kuandikia programu ya kati. Na ile anwani ya kupokea matokeo lazima ifikike kutoka intaneti, kwa hiyo kanzidata yenye hesabu zako za fedha sasa ina mlango wa umma. Funguo za siri za Daraja nazo itabidi zikae humo humo, pamoja na data zinazolindwa nazo.

Liko tatizo la ndani zaidi, nalo halitibiki kwa toleo jipya. Kiapo kikuu cha kanzidata ni kwamba muamala unatimia wote au haufanyiki kabisa. Jim Gray, aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya miamala, alitenganisha mapema matendo yanayoweza kurudishwa nyuma na yale ya ulimwengu halisi yasiyorudishika: fedha zikishatoka kwenye mashine, zimetoka. SMS ya "malipo yako yamepokewa" ni ya kundi la pili. Ukiituma kutoka ndani ya muamala kisha mstari unaofuata ukagonga kosa, kanzidata itafuta kila kitu kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa SMS iliyo kwenye simu ya mteja. Ataleta simu dukani akuonyeshe. Atakuwa na haki, na kanzidata yako itaapa kwamba hakuwahi kulipa.

Kanzidata ina kazi kubwa katika hadithi hii: kuhakikisha namba moja ya risiti ya M-Pesa haiingizwi mara mbili, hata matokeo yakitumwa mara tatu. Kikwazo kimoja cha upekee kwenye jedwali kinatosha, na hakuna programu ya kati itakayoifanya kazi hiyo vizuri hivyo. Kanzidata iachwe iifanye.

Dai la nne: nafuu

APEX ni bure, wanasema. Ni kweli kwamba haina bei yake. Bei ni ya chombo kinachoibeba. Bei ya orodha ya Oracle Enterprise Edition ni dola 47,500 kwa kichakataji. Kwa mashine ya Intel yenye viini 16, kanuni yao ya kuhesabu hukupa leseni nane, yaani dola 380,000, na asilimia 22 ya msaada kila mwaka, dola 83,600. Punguzo utapewa, wanunuzi wakubwa hupewa. Bado hivyo ndivyo viini ghali kuliko vyote ulivyonavyo, na umevipa kazi ya kupanga rangi za vitufe na kuchora menyu, kazi ambayo seva ya kukodi ya dola chache kwa mwezi huifanya bila kutokwa jasho. Siku watumiaji wakiongezeka, mwenzako aliyetenganisha anaongeza seva mbili ndogo za wavuti. Wewe unapigia simu watu wa leseni.

Kwenye huduma za wingu bili ni ndogo mwanzoni, kisha inakua kwa dola huku mapato yako yakiingia kwa shilingi. Na muuzaji akibadili mawazo, gharama ya kuondoka unailipa peke yako. Facebook iliinunua Parse, iliyokuwa kipenzi cha watengenezaji wa programu za simu, mwaka 2013. Januari 2016 ilitangaza kuifunga, na Januari 2017 ikafungwa. Data ziliweza kuhamishwa. Mantiki iliyosukwa ndani ya huduma yenyewe ndiyo iliyowatoa watu machozi, na ndiyo itakayowatoa machozi walioandika kanuni zao zote kwa lugha ya Firebase.

"Sisi ni wadogo"

Hii ndiyo ngome ya mwisho: makampuni ya Ulaya na Marekani yana wahandisi wengi, sisi tuna watu wawili na jenereta, kwa hiyo tunahitaji kifurushi kimoja. Basi tazama mifumo iliyodumu hapa kwetu. DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayokusanya takwimu za afya Kenya tangu 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda vilevile. Ni PostgreSQL upande mmoja, programu ya Java upande mwingine. OpenMRS, ambayo Eldoret ni moja ya sehemu ilikokulia, ilitenganisha hivyo hivyo juu ya MySQL. Mifumo hiyo inaendeshwa hospitalini na wilayani, mahali penye umeme wa kubahatisha na mafundi wachache kuliko mlio nao. Kwa miaka yote hiyo sura za kurasa zimebadilika, programu za simu zimeongezwa, na takwimu za mwanzo bado zinasomeka.

Watu wawili wanaweza kuandika programu ya kati ya mistari mia chache kwa lugha wanayoijua na kuiweka mbele ya kanzidata isiyosikiliza intaneti. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Kama mfumo wako umeshajengwa kwa njia ninayoipinga, usisubiri kuhama ndipo uchukue hatua. Fungua kivinjari ambacho hujaingia nacho kwenye akaunti yoyote, chukua anwani ya API na ule ufunguo wa umma ulio ndani ya ukurasa wako, uombe jedwali la wateja. Fanya hivyo kwa kila jedwali, moja moja. Ukirudishiwa majina na namba za simu, zima API hiyo leo, kabla ya kumaliza kusoma orodha.